Kabla hujasaini ajira Mafinga au Mbeya, ulizia NSSF

Mwalimu wa shule ya serikali Rungwe au nesi wa halmashauri hana haja ya kuuliza: yupo PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaweka 15. Mabenki, viwanda vikubwa na mashamba makubwa ya chai Mufindi kwa kawaida hupeleka michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi. Mambo huanza kulegea kwenye shule binafsi ndogo, gesti na malori ya Tunduma. Kwenye mbao za Mafinga na machimbo madogo ya Chunya, vibarua wengi hulipwa mkononi jioni, basi.

NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kwa mshahara wa 400,000, wewe 40,000, yeye 40,000. Slipu ikionyesha umekatwa 80,000, unalipa na fungu lake. Huo ni wizi, hata kama ofisi nzima imeuzoea.

Makato kwenye slipu hayathibitishi kwamba hela imefika. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya michango kwa namba yako ya uanachama, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Angalia na kiasi, maana wapo waajiri wanaolipa 400,000 na kuandikisha 200,000. Hapo mafao yako yatapigiwa hesabu kwa huo mshahara mdogo.

Wa msimu ndio wanaoumia zaidi. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180. Anayefanya kazi mwaka mzima anaifikisha kwa miaka 15. Mchuma chai au mfungasha parachichi Njombe anayechangiwa miezi 6 tu kwa mwaka anahitaji miaka 30. Kwa hiyo msimu ukiisha, nenda NSSF ujiandikishe kama mchangiaji wa hiari, ujaze miezi iliyobaki, hata kwa kiasi kidogo.

Ukihamia kwa mwajiri mpya, mpe namba ileile ya zamani. Ukiandikishwa upya, miezi yako inagawanyika kwenye namba mbili, na kuiunganisha uzeeni ni safari nyingi za ofisini. Jina nalo lilingane na la kitambulisho cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi.

Mkataba na slipu zote tunza nyumbani, na uzipige picha. Viwanda vya mbao hufungwa na kuhama, na mwajiri akishaondoka, karatasi hizo ndizo utakazodai nazo.