Bibi anasema "merikani", kakosea?

Msomaji wa Mafinga ameuliza: "Bibi yangu ana mashuka yake ya kutarizi, anasema ni ya merikani. Mimi namwambia bibi sema Marekani, hiyo ni nchi, yeye anakataa kabisa. Nani yuko sahihi?"

Kamwene mdogo wangu. Bibi yuko sahihi, usimsahihishe tena. Merikani ni jina la kitambaa, ile pamba nzito ambayo haijapaushwa, ukiitandaza kwenye mwanga unaona rangi yake kama ya maziwa na vile vitone vidogo vya kahawia vya maganda ya mbegu za pamba, na ikiwa mpya inakwaruza mkono mpaka uifue mara mbili tatu ndo inalainika. Mama yangu alikuwa nayo sandukuni na hatukuruhusiwa kuigusa.

Sasa jina limetoka wapi, hapo kweli nchi ya Marekani imo. Mwaka 1833 Sultani Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na meli zao nyingi zilitoka Salem, Massachusetts, zinakuja Zanzibar kufuata pembe za ndovu na sandarusi (utomvu wa mti uliokauka), zinashusha majora ya hiyo pamba ya viwanda vya kwao. Watu wa pwani wakaiita kwa kule ilikotoka, misafara ikaibeba mpaka huku bara, na huku bara ilikuwa ni pesa kabisa, mtu analipa hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye eneo la mtawala, kwa nguo na ananunua chakula kwa nguo. Halafu 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ikaadimika, nafasi ikachukuliwa na nguo za Uingereza na baadaye za Bombay, ila watu hawakubadilisha jina, merikani ikabaki merikani hata ikifumwa India. Jinzi nayo ni hivyohivyo, asili ya jina ni mji wa Genoa kule Italia, na nani leo akivaa jinzi anawaza Italia?

Kwenye kuandika: kitambaa anza na herufi ndogo, nchi herufi kubwa. "Nimenunua merikani mita nne", "merikani hii imechakaa". Utasikia pia amerikani, na wengine husema marekani hata kwa kitambaa, sio kosa, ila mimi napenda merikani kwa sababu inatenganisha vizuri nguo na nchi.

Na ukiwa na bibi muulize kuhusu doti. Siku hizi doti tunaijua zaidi kwenye kanga, vipande viwili, lakini enzi za misafara doti ilikuwa kipimo cha hiyohiyo merikani, mikono minane, na nusu yake, mikono minne, ndo ilikuwa inaitwa shuka. Yaani jina la hilo shuka unalojifunika na baridi ya Mafinga liliwahi kuwa kipimo. Mwombe akupimie kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole.