Barua kwa mwanangu: kichekesho kinakaa miguuni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku Tanga wazima, shangazi yako goti limepata nafuu na anakusalimu.

Umeniuliza, katika zile filamu za vichekesho za Kimarekani za miaka ya 1930 na 1940 tulizokuwa tukiangalia na marehemu baba yako, ni kipande gani kinachekesha kuliko vyote, ili Jumamosi umwonyeshe mchumba wako. Nitakujibu. Ila kwanza nikusimulie usiku ambao sikucheka.

Habari za Madison, kule Marekani, unazijua, za koti la kuazima na buti za baba yako umezisikia mpaka umechoka. Kulikuwa na ukumbi pale chuoni wakionyesha filamu za zamani, tikiti yake rahisi. Baridi yetu ya kwanza, baba yako akanipeleka kuona His Girl Friday, ya mwaka 1940. Mimi sikuwa na wasiwasi. Tangu mdogo nimeangalia filamu za Kihindi hapa Tanga bila kujua Kihindi, nikalia na kucheka pamoja na wenye lugha yao.

Loo! Watu wa filamu ile wanasema kama cherehani. Mwongozaji wake, Howard Hawks, alitaka waigizaji wadakizane, mmoja hajamaliza mwenzake kashaingia. Rosalind Russell ni mwandishi wa habari anayetaka kuacha kazi akaolewe, na Cary Grant ni mhariri wake, tena mtalaka wake, anamzuia kwa kila hila. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, cha kusoma mstari kwa kidole.

Kuna pale Grant anamtuma mwanamke akamtege yule mchumba wa Russell. Anamweleza sura yake: anafanana na yule jamaa wa sinema, Ralph Bellamy. Na anayeigiza huyo mchumba ni Ralph Bellamy mwenyewe! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba yako alikuwa anajipiga paja, machozi yanamtoka. Nikamvuta mkono wa koti: “Amesema nini?” Akanipungia kiganja, bila kunitazama. Ngoja.

Ile ngoja, mwanangu, mpaka leo ninaiona.

Nilinyamaza njia nzima, theluji inalia chini ya viatu. Nyumbani nikampakulia, mimi sikula. Akanieleza ule mzaha mara mbili, kwa upole kabisa. Niliuelewa vizuri, na sikucheka.

Alinikosea? Nimelifikiria sana hili. Mtu kicheko kikimshika hawezi tena kuwa mkalimani, hilo nalikubali. Lakini angegeuka tu, anitazame. Haya, na angegeuka angeniambia nini, wakati wale kwenye pazia wameshasema mengine kumi? Lakini bado.

Wiki zikapita ndipo akaniomba twende tena, safari hii Bringing Up Baby, ya 1938, ya Hawks huyohuyo. Nilikwenda kwa shingo upande. Grant humo ni mtaalamu anayengoja mfupa wa mwisho wa mifupa ya dainosari wake, na Katharine Hepburn ni binti tajiri anayeletewa chui wa kufugwa. Wako kwenye mkahawa wa watu wakubwa. Hepburn anaangusha zeituni, Grant anaikanyaga, puu, kakalia kofia yake. Halafu Hepburn anamchania koti. Halafu, na hapa ndipo penyewe, binti anageuka kuondoka kwa hasira, naye Grant kakanyaga pindo la gauni lake bila kujua. Nyuma kote kumebaki wazi, nguo ya ndani iko nje, na mwenyewe hana habari. Grant anaruka na ile kofia ndefu kumsitiri. Binti anadhani kakosewa adabu, anamkaripia. Anageuka huku, kofia inamfuata. Anageuka kule, kofia iko palepale. Mpaka anapopapasa nyuma kwa mkono, uso wake wote unabadilika. Basi wanatoka, yeye mbele, Grant kamgandia mgongoni, mguu wa kushoto kwa wa kushoto, wa kulia kwa wa kulia, kama askari wawili kwenye gwaride moja.

Nilicheka kabla ya ukumbi. Nilipoifuta miwani nikamkuta baba yako haangalii filamu, ananiangalia mimi.

Ndiyo maana nimekwambia tangu utotoni kwamba kichekesho kinakaa miguuni, si mdomoni. Hesabu mwenyewe. It Happened One Night ya 1934: Clark Gable anaomba lifti barabarani, anajigamba kwamba dole gumba lake litasimamisha gari, magari yanampita, Claudette Colbert anapandisha gauni kidogo tu na breki zinalia. The Lady Eve ya 1941: Barbara Stanwyck ananyoosha mguu mmoja, Henry Fonda chini. Miguuni!

Ingawa kwenye The Awful Truth ya 1937, Irene Dunne anaimba mbele ya wageni, Grant, mumewe anayeachana naye, anaanguka na kiti kule nyuma, na Dunne anaumalizia wimbo wake kwa kicheko kidogo, ndani ya noti ya mwisho. Hicho kimekaa kooni. Sijui nikiweke wapi. Na nikwambie ukweli, siku hizi Kiingereza kimenikaa, na kile cha Ralph Bellamy kinanitoa machozi. Mwaka jana nilikicheka peke yangu sebuleni, nikageuka kumtafuta wa kumpiga bega.

Sasa unataka nikuchagulie kimoja. Ningeweza, na unajua ningechagua kipi. Lakini mchumba wako sijakaa naye sebuleni, sijui anacheka na nini, kwa hiyo naufunga mdomo wangu, na si rahisi. Ukiamua ni His Girl Friday, akikuvuta mkono akuulize wamesema nini, isimamishe umweleze. Wewe una kitufe cha kusimamisha. Baba yako pale ukumbini hakuwa nacho.

Mama yako