Ukienda fildi na dodoso la sonona

Wadogo zangu mnaoanza saikolojia hapa Dodoma, mtafundishwa kupima akili, haiba na sonona. Jifunzeni vizuri. Ila someni mapema na wale wanaovihoji vipimo vyenyewe, kabla hamjavizoea.

Anzeni na Frantz Fanon. Akiwa daktari wa akili Blida, Algeria, yeye na Charles Geronimi waliwapa wanawake Waislamu picha za kipimo kilichotengenezwa Marekani ili wazitungie hadithi. Hadithi hazikuja. Ilikuwa rahisi kusema hawana ubunifu. Wao mwaka 1956 wakaeleza kwamba picha zile hazikuwa na maisha ya wanawake hao ndani yake.

Sasa beba PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa, uende nayo Bahi mwezi wa pili, mtama wa mwaka jana umekwisha na mpya bado uko shambani. Swali la tano: wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kula, au umekula kupita kiasi? Mama anakutazama tu. Hamu anayo, chakula ndicho hakipo. La tatu ni usingizi, naye huamka usiku kuwahi foleni ya maji. La nne ni uchovu, hilo hata usimuulize. Hayo matatu peke yake yanaweza kumpa alama 9 kati ya 27. Akikiri kidogo kwamba hana raha, anafika 10, panapoanza kuitwa sonona ya wastani, na ripoti yako itaonyesha ugonjwa umo ndani yake. Mvua haitatajwa popote.

Kwa hiyo pembeni mwa kila jibu andika alichoeleza: chakula, maji, deni. Msimamizi akisema yatajaza kurasa, yaweke kwenye kiambatisho.

Wapo wanaosoma uhakiki huu wakapata kisingizio cha kukimbia takwimu. Huo ni uvivu. Ignacio Martín-Baró, padri na mwanasaikolojia wa El Salvador aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1989, alikuwa ameanzisha taasisi ya kura za maoni mwaka 1986. Namba alizitaka, tena nyingi, ili wananchi wasikike wenyewe badala ya kusemewa na wakubwa.

Halafu kuna swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo mtu akikubali, uhakiki weka kando. Usimwache peke yake, mjulishe msimamizi wako saa hiyohiyo, na afikishwe kituo cha afya siku hiyo; huko ndiko watakakoamua kama apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.