Swali la msomaji: Kurekodi onyesho la filamu Darajani na Forodhani bila kuvuta macho ya watu

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni vijana wanne wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, tunaotengeneza filamu fupi kwa fedha za mifukoni mwetu. Katika onyesho moja kaka na dada wanagombana kwa sauti ya chini huku wakipita soko la Darajani, na mwishowe, wakiwa Forodhani jua linapotua, kaka anampokonya dada simu. Hatuna uwezo wa kulipa watu wa kupita nyuma yao. Tuna kamera ndogo yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), lenzi ya milimita 35 na ya 85, na vipaza sauti viwili vya kubana kwenye nguo. Tufanye vipi watu wasisimame kututazama?

JIBU: Waalaykum salaam. Kamera inaweza kufichwa machoni mwa wapita njia, lakini isifichwe kwa mamlaka. Kwa Zanzibar, pa kuanzia ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, ulizeni hapo hapo ni idhini gani nyingine zinazohitajika. Mkipata kibali, mjulisheni sheha wa eneo na mtembee na nakala mfukoni, kwa sababu mwongozaji anayejua kwamba karatasi iko tayari hapapatiki askari anapomsogelea, na utulivu huo huonekana hata kwa waigizaji. Bandari, kambi na vituo vya polisi visiingie kwenye picha kabisa, na droni iacheni nyumbani.

Ama la kupokonyana simu, nawaomba msilifanye mbele ya umati. Mtu akisikia mwanamke amepiga ukelele na akaona kijana ana simu isiyo yake mkononi, hatauliza kama kuna kamera. Litapigwa kelele la mwizi, na muigizaji wenu ataumizwa kabla hamjawahi kueleza. Tendo hilo lirekodini katika kichochoro au uani kwa mtu mliyemwomba ruhusa, mkiisogeza kamera karibu na mikono miwili, simu na ukosi wa shati tu, kisha katika uhariri mlipachike baina ya picha mbili za Forodhani: moja ambamo dada bado ameshika simu, na moja ambamo ameshaachwa peke yake. Chungeni tu mwanga wa pande zote mbili ulingane, maana kivuli cha kichochoro hakifanani na jua la magharibi.

Katika lenzi zenu mbili, ya 85 ndiyo itakayowasaidia zaidi sokoni. Kwa sensa kubwa kama hiyo, ukiwa mita 10 kutoka kwa waigizaji unawapata wote wawili tangu utosini hadi miguuni, na ukiwa mita 5 unawapata kuanzia mapajani. Baina yako na wao watu watapita bila kujua, na umati wa nyuma utaonekana umesongamana kuliko ulivyo. Lenzi ya 35 inakutaka uwe karibu, na ukiwa karibu kila mchuuzi atakodolea kioo. Itumieni kwa picha chache za kufuata kwa nyuma, ambapo nyuso za waigizaji hazihitajiki. Stendi ya miguu mitatu na kipaza sauti cha kwenye fimbo ndivyo vinavyokusanya watoto. Kamera ndogo mkononi mwa mtu aliyekaa barazani, imelazwa juu ya mfuko mdogo wa mchele, haimshangazi mtu katika mji uliokwisha zoea watalii. Mazoezi ya maneno na ya mwendo yamalizeni nyumbani, mkienda sokoni iwe ni kupita mara mbili au tatu na kuondoka.

Sauti ndiyo itakayowasumbua kuliko picha. Vitambaa vingi vya mabuibui hukwaruza kwa kila hatua, kwa hiyo kipaza sauti kisiachwe kikining'inia baina ya nguo mbili: kikunjieni utepe wa nguo wenye kunata pande zote, kibandikeni ndani ya mtandio chini ya kidevu, na waya uwe na kitanzi kidogo kilichobandikwa ili mvuto usifike juu. Sikilizeni kwa hedifoni muigizaji akitembea, si akisimama. Kabla ya kuondoka, rekodini dakika nzima ya sauti ya mahali penyewe bila maneno, ambayo itaziba mapengo yote ya uhariri.

Forodhani inaelekea magharibi, na jua hutua kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kulingana na mwezi, ndiyo kusema mwanga mnaoutaka unakuja pamoja na adhana ya Magharibi. Adhana ikianza katikati ya mazungumzo, picha ya kabla na ya baada hazitaungana. Basi maneno yote yamalizeni nusu saa kabla ya jua kutua, na muda wa adhana muuwache kwa picha zisizo na maneno, bila kuwaelekezea kamera wanaokwenda msikitini. Mkiendelea baada ya giza, chini ya taa za wauza vyakula, rekodini kwa fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na kwa mipangilio mingine baadhi ya taa zitamemeteka kwenye picha.

Mpita njia ambaye sura yake imejitokeza wazi na kukaa kwenye picha, mfuateni baadaye mumweleze na mumwombe ridhaa ya maandishi. Akikataa, kipande hicho kiondoeni. Mtu akigeuka na kutazama kamera katikati ya onyesho, msisimamishe. Endeleeni mpaka mwisho, kisha chukueni picha za pembeni kama vile mizani ya muuza samaki, miguu ya watu au mikungu ya ndizi, ili mpate cha kukatia mahali pale alipogeuka.