Dada, nimpake dawa ya meno gani?

Juzi usiku msomaji kaniandikia: "Dada, mwanangu kamwagikiwa chai mkononi sasa hivi. Nimpake dawa ya meno gani, ile nyeupe au ya kijani?" Sikujibu kwa maandishi, nilimpigia. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe miaka tisa iliyopita, mtoto akinililia mapajani.

Alikuwa na mwaka na nusu. Niliitua sufuria ya uji chini ipoe, nikageuka kuchukua kikombe. Kugeuka tu! Akatumbukiza mkono hadi kiwiko. Nyumba ya kupanga ikajaa madaktari: huyu yai, yule unga wa ngano, mama mwenye nyumba na dawa yake ya meno. Nikapaka vyote, mkono ukawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Maji? "Usithubutu, atatoka malengelenge!" Nikatii.

Hospitalini muuguzi alilazimika kuyaondoa yote hayo ndipo akione kidonda. Kilio kile sitakisimulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama, kwenu hakuna maji?" Ndoo tatu zilikuwa zimejaa pale mlangoni. Mawifi wamenisema mengi, lakini hakuna lililoniuma kama hilo. Kovu bado lipo, na shuleni wanamwita Uji.

Kwa hiyo nisikilizeni. Maji! Maji baridi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha dakika 20, na uangalie saa. Bomba limekauka? Chota kwa kopo, mimina taratibu, endelea. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Barafu hapana, nayo inaumiza ngozi. Vua bangili na nguo mapema kabla hapajavimba, ila nguo iliyogandia ngozi iache. Mtoto mfunike khanga kwingine kote asipatwe na baridi. Lengelenge usitumbue. Funika kwa kitambaa safi, uende hospitali, hasa akiwa mtoto, au pameungua uso, mikono, viungo, sehemu za siri, au ni umeme. Na maji kwanza, nimesema.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliungua na mafuta ya maandazi. Nikamshikilia bombani, jirani akapiga kelele kwamba namtesa mtoto wa watu. Nikamwonyesha saa. Leo ngozi ya binti ni laini, na jirani huyo huyo anajisifu kwamba tulimtibu "sisi". Haya.

Ila akina mama wenzangu, mnajua bei ya kila wigi Kariakoo, iweje ndoo ya maji mlangoni msijue kazi yake? Mnangoja mtoto aungue ndipo mniulize?

Yule msomaji nilimwambia afungue bomba, nami nikabaki kwenye simu nikimhesabia. Dakika ya 11 mtoto akanyamaza, mama akataka kufunga. Nikamkatalia. Zilipotimia 20 wakapanda bodaboda kwenda hospitali.