Kuchangia Python kwa mara ya kwanza
Ndugu, umeuliza kama unaweza kushiriki siku za kuandika msimbo pamoja baada ya PyCon, mkutano wa watumiaji wa lugha ya programu ya Python, ilhali hujawahi kuchangia Python. Nenda! Utakaa meza moja na watunzaji wa miradi, na ukikwama unauliza papo hapo. Ila jiandae: msimbo wa CPython, yaani programu kuu inayoendesha Python, uko GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo) tangu 2017, upakue na kuujenga, yaani kuugeuza uwe programu inayofanya kazi, ukiwa nyumbani, maana intaneti ya ukumbini mara nyingi huelemewa. Anza na nyaraka, au andika jaribio, yaani msimbo mfupi wa kukagua programu, la hitilafu iliyokwisha kuripotiwa. Mimi napendelea jaribio, kwa sababu huwezi kuliandika bila kuelewa programu inatakiwa kufanya nini hasa. Mkataba wa wachangiaji, unaoruhusu mchango wako utumike, utausaini mtandaoni, ni jambo dogo.