Jibu: Mikono ya Francesca kwenye The Seventh Veil

Salama mkuu. Umekwama hapa kwenye filamu ya The Seventh Veil (Utaji wa Saba): madaktari wanasema mikono ya mpiga piano Francesca itapona baada ya ajali ya gari, mbona anashikilia kwamba hatapiga piano tena? Na huo utaji wa saba uko wapi?

Nami niliganda hapohapo. Anza kwa kurudia kipande cha shuleni. Anachapwa bakora za mikononi kabla ya mtihani wa muziki, anafeli. Miaka inapita, mlezi wake Nicholas (James Mason) anamchapa mikono kwa mkongojo akiwa anapiga piano. Ajali inakuja juu ya hayo yote. Kidonda kiko kwenye hofu, si vidoleni.

Utaji usiutafute kwa macho. Dk. Larsen, daktari wa akili anayemtibu Francesca, anafananisha akili na Salome, mchezaji ngoma aliyejifunika taji saba: kwa rafiki tunavua kadhaa, kwa mpenzi zaidi, wa saba hatumvulii mtu. Ndiyo sababu daktari anamlaza Francesca kwa hipnosisi (usingizi wa kuongozwa), ili aufikie huo wa saba.

Ila mwisho, Francesca anapomchagua Nicholas, unanikera mpaka leo. Sawa, ni filamu ya 1945, lakini mkongojo ule nauona bado.

Halafu piano unayoisikia imepigwa na Eileen Joyce, si Ann Todd anayeigiza Francesca.